Mwiko Tumeuona, Bukari Iko Wapi?

Ngoie, mtoto wa mwanangu,

Una miguu au huna? Treni bado inapita Luena, bado inapita Bukama, na ikifika hapa Kamina inatapika watoto wa wenzangu na vifurushi vyao. Weye haumo. Pasaka imepita. Mahindi mabichi tumekula, karanga tumechimba, na fungu lako nililokuwekea panya amelimaliza. Panya ana adabu kukupita: yeye anakuja.

Anayeandika ni tantine Odile, binti yangu, kwa sababu unajua minyi, bibi yako, na shule hatukuonana. Nimemwambia asilainishe neno hata moja.

Najua kwa nini huji. Siku ile ulipompigia Odile simu ulifikiri nimelala. Sikulala. Simu ilikuwa inasema kwa nguvu, na minyi nilikuwa nyuma ya mlango nachambua maharage. Nikakusikia unalia kwamba umeanguka mtihani wa Kiingereza huko Lubumbashi, ile sehemu ya kusoma hadithi na kujibu maswali juu ya mbinu za mwandishi. Ukasema huurudii. Utaacha kusomea ualimu, utakuja kuuza mafuta ya mawese sokoni. Mafuta! Weye ambaye nikikutuma na chupa, nyumbani inafika nusu na nguo yako inang'aa.

Odile akakuuliza hadithi ilikuwa ya nini. Ukamweleza: mzee anafunga duka lake kwa mara ya mwisho. Mwandishi hasemi popote kwamba mzee ana huzuni. Anasema tu mkono wake unafanya nini: anafunga kufuli, analigusa, anaondoka, anarudi, analigusa tena. Wakauliza, mwandishi ametufanyaje tujue moyo wa mzee? Ukajibu: "Ametumia marudio na sentensi fupi." Ukaweka nukta. Mwalimu akaandika pembeni: "Halafu?" Na weye ile "halafu" ukaichukua kama tusi.

Si tusi, mama. Hata minyi ningekuuliza vilevile. Umeingia na mwiko mkononi, unatuonyesha: huu ni mwiko, na huu mwingine ni mwiko. Sawa, tumeuona. Bukari iko wapi, ule ugali wenyewe? Watu wana njaa.

Sasa nikukumbushe, maana huko mjini naona wamekusahaulisha.

Nkambo wako mwanaume, babu yako, alipokufa ulikuwa ungali mdogo, meno ya mbele yameng'oka na mapya hayajaota. Unakumbuka mchana ule wa kilio, uwanja umejaa, weye umekaa katikati ya magoti yangu. Dada yake, mama Numbi, akasimama kumlilia. Akataja baba zake, akataja babu zake, akataja kijiji walichotoka, akataja kazi yake ya reli. Watu walilia, lakini kilio cha heshima tu, kile cha kujifuta na kutazama chakula kimefika wapi. Halafu akanyamaza. Akafunga kitambaa chake upya, polepole, kama mtu aliyemaliza. Ndipo akasema, kwa sauti ndogo:

"Sasa nani atatupigia kengele pale kona?"

Kengele ya baiskeli yake, Ngoie. Ile aliyokuwa akiipiga kila jioni akitoka kazini, na ninyi watoto mnaacha kila kitu mnakimbia. Uwanja ulivunjika. Katekista, mtu mkavu kama samaki wa Kinkondja, alilia mpaka wakamshika.

Na weye ukaleta mdomo kwenye sikio langu: "Nkambo, alinyamaza kwanza. Alituacha tuisikie kengele."

Nikakujibu, "Nyamaza na weye, lia kama wenzako!"

Lakini hukuacha. Kesho yake tunatwanga sombe, majani ya muhogo, ukaanza tena. "Nkambo, kama angeanza na kengele?"

"Weye unawaza nini?"

"Bantu bangeuliza, kengele gani? Alitupeleka polepole kwanza. Kisha akatuacha pale kona, peke yetu."

Nilicheka kwa sauti, siku ya pili tu ya kilio, wakwe wakanitazama kama nimeokota pesa. Wanitazame. Nilikuwa nimeona kitu. Watu wote pale walilia. Weye ulilia na ukaona njia ambayo machozi yamepitia. Hakuna mwalimu aliyekufundisha. Neno "mbinu" ulikuwa hujalisikia.

Basi, yule mzee wa duka. Kufuli limefungwa, anajua limefungwa. Anarudi kugusa nini?

Jibu ulilitoa mwenyewe na hukujisikia. Katikati ya kulia kwako kwenye simu ulimwambia Odile: "Tantine, ni kama mukono wake haitaki kutoka pale." Minyi nyuma ya mlango niliacha maharage. Hiyo! Hiyo njo bukari, ndiyo yenyewe! Kwa nini Odile ulimpakulia, na mwalimu ukampa mwiko mtupu? Kwa sababu Odile hakutishi. Mbele ya mtihani unavaa viatu vya watu, unatembea kwa majina makubwa, na kile ulichokiona kwa macho yako unakiacha mlangoni.

Najua utasema, "Lakini nkambo, ile ni Kiingereza." Basi? Mzungu hana kilio? Hana kona yake aliyokuwa anasikia kengele? Mtu anayetaka kukushika moyo anapita njia zilezile, lugha yoyote. Jina la mbinu litaje, ndiyo, hawa watu wanalipenda. Lakini usiweke nukta pale. Endelea mpaka useme imekufanyia nini.

Odile ananiambia, "Mama, punguza, mutoto atalia." Alie, halafu ajiandikishe. Wamesema kuna kurudia mtihani, na weye utaurudia. Siombi. Mafuta ya kuuza hapa Kamina wauzaji wako wengi. Wenye macho yako sijaona mwingine, na nimezeeka nikitazama.

Sasa sikiliza. Kabla ya huo mtihani panda treni uje, na ile hadithi ya mzee uje nayo. Bukama ununue samaki, wale wakubwa, usidanganywe. Ukifika usianze kuniamkia na kuniuliza mgongo. Kaa upande wangu wa kuume, kule kuna sikio zima. Unisomee kwanza kwa Kiingereza, hata kama sisikii kitu, nataka kujua sauti yake inavyotembea. Kisha unigeuzie kwa Kiswahili. Jina la mbinu usinitajie hata moja. Minyi nitakushika mkono pale moyo wangu utakaposhikwa, na hapo weye utasimama kusoma, uniambie huyo mwandishi amepita wapi mpaka akanifikia.

Nkambo wako, aliye upande huu wa kona