Mbao ulizotutumia

Goma, kando ya Majengo

Yaya Jephté,

Mbao zilifika salama toka Butembo. Mimi ni muzima. Kuku ya Mama imeanza kutaga chini ya kitanda.

Unauliza kwa nini nyumba bado. Yaya, tangu volkano imeze ile ya zamani, mutu wa mradi anapita kila mwezi na listi yake. Anasema watatujengea wao. Lakini ukipigilia hata ubao mumoja kwenye kiwanja chako, wanakufuta kwenye listi, ati umeshajiweza. Basi mbao zako tumezikalia kama viti mwaka muzima, na tunalala chini ya shitingi, ile turubai ya musaada.

Nilimuuliza nyumba yao itakuja lini. Akaniambia mimi, "Mama, vumilia kidogo." Halafu akanipiga picha nimekaa juu ya mbao.

Mama anakohoa kila mvua ikinyesha. Alinikataza kukuandikia hiyo.

Leo asubuhi Mama mwenyewe ameniletea nyundo. Ukuta mumoja umeshasimama, majirani wananiangalia kama mutu aliyepata wazimu.

Kesho mutu wa listi atapita na kalamu yake. Wewe tutumie mlango.

Mudogo wako mwenye misumari mudomoni,
Kasoki