Parke ya Chumba Changu

Kamalondo, mwezi wa kwanza

Ruben, mujukulu wangu kichwa ngumu,

Jambo. Huku tuko wazima. Kuku za jirani Madeleine zinaingia kwangu kila siku, na yeye iko anacheka tu.

Nasikia huko Kilwa umeacha useremala, unauza samaki. Eti juu ya mukono wangu! Ndiyo, nilijikwaa kwenye parke, ile sakafu ya mbao uliyonitengenezea chumbani, nikavunjika. Lakini daktari alishatoa plasta. Sasa unalia nini, bwana yangu?

Kambo yako muume, babu yako, alikuwa mupasuaji wa mbao, nilimuona miaka arobaini. Ukipasua gogo bapa kwa bapa, mbao inatoka na michoro mizuri kama ndimi za moto, lakini mvua ikikuja inajikunja, kingo zinainuka. Ukiligawa kwanza mara ine, ukapasua kila robo kutoka katikati kwenda kwenye ganda, mistari inasimama, mbao inatulia miaka na miaka. Ila haivutii macho sana.

Hayo uliniambia wewe mwenyewe. Ulisema, "Kambo, tupasue kwa robo." Mimi nikakukatalia: "Nataka ile ya ndimi za moto, Madeleine aione alie wivu!" Kisha bantu banakulaumu wewe, fundi, na mimi nikanyamaza.

Jana nimemuambia baba yako ukweli. Nimemuambia hata Madeleine, na ilinichoma.

Rudi nyumbani, ung'oe hizi, upasue zingine namna unavyojua. Mimi nitakupikia bukari tu, ugali wetu.

Kambo yako,
Chilufya