Kumi ya Ziwani

Tarehe 8 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo haukusumbui kwa kulala kwenye pikapu. Sisi wazima. Mama anakusalimu kutoka kwenye cherehani, mguu wake haujapumzika tangu asubuhi.

Daftari letu nimelipiga mistari: jina la mahali, ulichokiona, alama. Ukurasa wa kwanza nimeandika sheria kama ulivyoitamka siku ile ukifunga makopo ya rangi: "Hakuna hifadhi wala magofu yatakayopata kumi mpaka tufike wote watatu. Mwisho ni tisa." Mama akauliza, "Na atakayevunja?" Ukasema, "Atapaka rangi nyumba nzima peke yake."

Kwa hiyo wewe zunguka upake rangi vibao vya hifadhi na magofu, utoe alama, sisi tunasubiri likizo ya Agosti utupeleke. Mama ameanza kushona mapazia ya madirisha ya pikapu. Ni ya bluu.

Mwanao,
Karani

Tarehe 1 Machi

Karani wangu,

Marahaba, mwanangu. Mimi mzima. Mgongo unalalamika, lakini hauna wa kuusikiliza. Fungua daftari.

Hifadhi ya kwanza: vibao kumi na vinne, vyote vimeliwa na jua. Tembo wawili walisimama nyuma yangu nikipaka neno HATARI, utadhani wakaguzi. Saba. Ingekuwa nane, lakini nyani ameondoka na brashi yangu.

Magofu ya mji wa kale: kuta bila paa, na mtunzaji anayewapa wageni historia tofauti kila siku. Nilimuuliza ya kweli ni ipi. Akasema, "Ya leo." Sita.

Mapango yenye michoro: tisa. Ukutani kuna alama ya kiganja, kidogo kama chako. Nilisimama hapo mpaka askari wa hifadhi akaniuliza kama naumwa.

Mwambie mama yako mapazia yawe mazito. Vumbi la huku linaingia mpaka kwenye meno.

Baba yako

Tarehe 22 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, ila Mama alikuwa na mafua, sasa yamepungua.

Barua yako nimemsomea mara mbili. Kwa nyani alicheka mpaka uzi ukakatika. Akasema, "Yamempata. Hata hapa nyumbani brashi zake hakuwa akijua ziko wapi." Halafu akaniambia nisome tena pale pa kiganja, na hapo hakucheka.

Mwalimu wa jiografia ameniruhusu kuchoma pini kwenye ramani ya darasa, moja kwa kila mahali. Inayofuata ni wapi?

Mwanao,
Karani

Tarehe 11 Aprili

Karani wangu,

Marahaba. Mpe mama yako pole ya mafua.

Niko kwenye hifadhi ya ziwani. Vibao ni vingi kuliko nilivyoambiwa, nitakaa kidogo. Ninakula kambini kwa askari. Mpishi wao ni mama mmoja mkali, hakupi chai mpaka unawe rangi mikononi. Alama nitakuandikia nikimaliza.

Baba yako

Tarehe 14 Mei

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo kweli? Mwezi umepita. Pini ya ziwani nimeichoma, lakini nafasi ya alama iko tupu. Mama anasema labda rangi haikauki kwa unyevu. Mapazia yamebaki pindo tu.

Mwanao,
Karani

Tarehe 2 Juni

Karani wangu,

Marahaba, na samahani kwa kimya. Mimi mzima kabisa, hata mgongo umeacha kelele.

Ziwa: asubuhi heroe wanaruka wote kwa pamoja, na maji yanabaki kama kitanda kilichotandikwa. Jioni tunakaa kwenye ngazi za kambi tukihesabu viboko. Hesabu haijawahi kutimia, kwa sababu wanazama, na mtoto anakasirika anaanza upya. Sijaona mahali kama hapa. Kumi.

Baba yako

Tarehe 10 Juni

Baba,

Shikamoo. Natumaini u mzima. Sisi tupo.

Barua nimemsomea Mama, lakini pale mwisho nilisoma "tisa". Nyie wawili mlinifundisha kutosema uongo, kwa hiyo nakuambia.

Mama akasema, "Soma tena."

Nikasema, "Tisa."

Akasema, "Baba yako anaandika kama anachora kibao, wino unatokea upande wa pili. Na wewe umekaa mbele ya dirisha."

Alishona pindo la pazia la mwisho mpaka mwisho, akakata uzi kwa meno, akayakunja yote manne.

Hukuandika mtoto ni wa nani, wala hao unaokaa nao ni akina nani. Niambie tu kwamba ulikosea. Kwenye daftari sijaandika chochote, nimeacha nafasi ya tarakimu moja.

Mwanao,
Karani

Tarehe 4 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Natumaini barua hii inawakuta wazima.

Nimeianza hii mara nyingi. Sikukosea kuandika. Niliandika kumi bila kuikumbuka sheria, na nilipoikumbuka bahasha ilikuwa imeshaondoka. Kuisahau ndiyo aibu yangu.

Mtoto ni wa yule mpishi. Nimepata kazi hapa ya kudumu, na ninaishi kwao. Wewe hukufanya kosa, wala mama yako. Yeye nitamwandikia mwenyewe, nikijua la kumwambia.

Agosti naweza kuja kukuchukua ulione ziwa. Ni kwa hiari yako.

Baba yako

Tarehe 16 Agosti

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi mzima. Mama anakula vizuri tangu juzi.

Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikuwa nafikiri. Mama alisema, "Nenda ukitaka. Ziwa halina kosa." Lakini nikija huko tutakuwa wanne, na mimi bado nitamhesabu ambaye hayupo.

Jumamosi Mama aliniambia nivae viatu. Tulikwenda kwenye ile ngome ya zamani unayoiita ghala la popo. Kibao chako cha kwanza, ulichokipaka kabla sijazaliwa, bado kiko mlangoni, ila rangi inabanduka. Mama alikifuta vumbi kwa kiganja, polepole, herufi moja moja. Akasema, "Anajua kuandika. Hilo siwezi kumnyima."

Ndani tuliona kuta na popo. Nilipofungua daftari alisema, "Tisa."

Nikamwambia ni nyingi kwa ghala la popo.

"Andika," akasema.

Nimeandika. Ya ziwani nimeiacha wazi. Mapazia nimeyatundika chumbani kwangu. Ni mafupi, yanafika nusu ya dirisha.

Baba, sheria ilisema atakayevunja atapaka rangi nyumba nzima peke yake. Nilimuuliza Mama kama adhabu hiyo ingali ipo. Aliniambia nikachote maji ya deki. Jioni, nilipokuwa napiga deki, nikaona ameisogeza cherehani mbali kidogo na ukuta, nafasi ya kumtosha mtu mwenye brashi.

Mwanao,
Karani