Mama alifupisha maombi kwa ajili ya rejeta

Kakiika, Mbarara. Jumatano, Julai 2013.

Jua kali tangu asubuhi, vumbi hadi kwenye meno. Nimekaa kwenye baraza ya binamu yangu. Mama amelala ndani, jicho lake la kulia limefunikwa pamba. Vidole vyangu vina weusi ulioishinda sabuni, na leo sina haraka ya kuutoa.

Bado nina hasira. Niiandike kwanza, labda nitapoa.

Gari langu linabeba watu kutoka Base Camp, kule kambi ya wakimbizi ya Nakivale, hadi hapa Mbarara. Stata yake ilikufa zamani, kwa hiyo tunalisukuma kwenye mteremko. Likishawaka, hakuna anayethubutu kulizima. Abiria wanaingia, milango inafungwa, Mama anaweka mkono kwenye dirisha na kuomba. Ndipo tunaondoka.

Tangu tulipokimbia Kivu ya Kusini mwaka 1996, Mama haachi chombo kiondoke bila kukiombea. Na haombei watu kwa jumla. Anamtaja kila aliyemo kwa jina, kisha breki, matairi, polisi wa barabarani, na wagonjwa wa kanisa letu. Mimi ananitaja mwisho: mwana wake Byamungu, asichoke, asisinzie.

Dakika saba, mara nyingine nane. Nimepima, maana mimi ni mtu wa kupima.

Tangu Aprili, kila akifika kwenye breki, maji ya rejeta yalikuwa yanaanza kuchemka. Mvuke puu, abiria nje, safari imeharibika. Lakini likishaondoka, linapanda vilima vyote na watu saba, mshale wa joto umetulia chini ya nusu.

Nililipeleka kwa mafundi wawili, mtaa wa Nyamityobora, hapa Mbarara. Wa kwanza aling'oa themostati, akasema huku kwetu ni joto, kidude hicho ni cha nchi za baridi. Wa pili alifungua injini nzima na kubadilisha gasketi. Kila mmoja alilikimbiza hadi katikati ya mji na kurudi, akanirudishia ufunguo, akiniita ssebo, yaani bwana. "Iko sawa, ssebo. Nyinyi Bakongo munatesa gari mingi."

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza linachemka saa ngapi.

Niliomba tuanze maombi kabla ya kusukuma. Wazee wa kanisa wakakataa. Shemasi Samweli aliniuliza, "Sasa tutaombea safari ya gari lenye halijawaka? Na kama likikataa kuwaka, tutamwambia Mungu nini?"

Wiki tatu zilizopita ilikuwa siku ya Mama kupasuliwa mtoto wa jicho. Gari likachemka pale pale uani, kabla ya amina. Tulipofika hospitali, orodha ilikuwa imefungwa. Wakatupa siku ya leo, wakasema tukikosa tena, tutasubiri hadi mwaka ujao. Jicho moja limekwisha kabisa kwa giza, la pili linaona vivuli tu. Mwaka ni mrefu.

Jumapili, watu walipokuwa wanatoka kanisani, shemasi akamtania Mama. "Mama Byamungu, maombi yako inachemusha maji kuliko makala ya jiko. Siku ingine tukuletee sufuria, tupate chai."

Kila mtu alicheka. Mama pia alicheka.

Jumatatu asubuhi gari likawaka, abiria wakaingia, Mama akaweka mkono kwenye dirisha. Akasema, "Mungu, unatujua bote. Amina." Akaondoa mkono haraka, kama mtu aliyegusa sufuria ya moto.

Hakunitaja jina.

Njia nzima nilikuwa nasikia kitu kimepungua ndani ya gari. Mtu mzima, baba wa watoto wanne, nimeshika usukani nimenuna kwa sababu mama yangu hakusema jina langu.

Jioni hiyo hiyo nilifungua boneti mwenyewe. Nikaliacha lingurume limesimama, nikasimama mbele yake kama Mama anavyosimama akiomba. Mshale ukapanda, ukapita nusu, ukaendelea. Feni ya rejeta haikutikisika.

Nikazima, nikatoa nyaya mbili kwenye betri moja kwa moja hadi kwenye mota ya feni. Kimya. Nikaigonga kwa spana: ikazunguka kidogo, ikalala tena. Basi. Kaboni zake, vile vipande vidogo vinavyoingiza umeme ndani ya mota, zilikuwa zimelika zikabaki kama kucha. Gari likikimbia, upepo wa njia unapoza rejeta bure. Likisimama, kazi yote ni ya feni, na feni ilikuwa imekufa.

Duka la Base Camp halina kaboni hizo. Nikaifungua stata, ile mfu. Kaboni zake zilikuwa nzima, ila nene. Jumanne sikusafiri; nilizisugua kwa msasa hadi jua likazama, nikipima na kusugua tena, zikaingia. Feni ikavuma hadi kuku wakakimbia.

Leo asubuhi tulilisukuma, tukapanda, Mama kiti cha mbele. Akaanza, "Mungu, unatujua bote..."

Nikamzuia. "Mama, hapana. Utaje kila mutu."

"Na maji?"

"Maji niachie miye."

Halafu akaanza upya, jina kwa jina. Alipofika kwenye breki, feni ikajiwasha yenyewe. Akasita, akasikiliza, akaendelea kwa sauti ya juu zaidi ili aishinde. Akamwombea daktari na mikono yake. Akawaombea hata mafundi wa Nyamityobora. Hapo mimi sikusema amina. Nilisema pale mwishoni, aliponifikia.

Tulifika orodha ikiwa bado wazi. Kazi ya daktari ilichukua muda mfupi kuliko maombi.

Daktari anasema kesho asubuhi wataondoa pamba. Mara ya mwisho Mama aliponiona vizuri, kichwa changu chote kilikuwa cheusi. Sijamwambia kuhusu mvi. Nimejiuliza mchana kutwa kama ninyoe kabla ya kwenda kusimama mbele yake, au nimwache anione nilivyo.

Nadhani sitanyoa.