Tanuri la Shangazi Wadha

Hanini, nimejifungia kwenye hema la vifaa. Sitoki.

Wageni kutoka Amman walikuja leo kwenye machimbo yetu ya mambo ya kale. Nikawaonyesha kwa mbwembwe tanuri la mkate tulilofukua katika mtaa wa Warumi. "Lina miaka elfu moja na mia nane," nikasema.

Shangazi Wadha alikuwa ametuletea chai. Akasema, "Lina hamsini, mwanangu. Nililifinyanga mwenyewe, tulipokuwa tukiishi kwenye magofu haya, kabla hatujahamishwa kutoka hapa."

Nikamjibu mbele ya wote, "Shangazi, waachie wataalamu."

Nilimwambia hivyo, Hanini. Shangazi aliyenilea.

Alinipandisha tu mkono wa shati, akawaonyesha lile kovu langu la moto.

"Mtaalamu alijiunguza hapa hapa," akasema. "Alikuwa na miaka mitatu, hawezi kungoja mkate uive."