Kizibao cha Tšeliso

Jumatatu, 8 Julai 2019
Baridi ya hapa Mafeteng, Lesotho, leo — vidole havishiki kalamu. Tumeanza kusikiliza watoto wa utafiti, wale waliochelewa kuongea. Kila mmoja alivalishwa kizibao chenye kinasa sauti mfukoni, akashinda nacho nyumbani kutwa. Mimi nahesabu maneno.

Nimefika kwa Tšeliso. Miaka minne. Miezi mitatu kliniki hajatoa neno hata moja, kidole tu na kulia. Kwenye kinasa — anaimba! Anagombana na kuku! Maneno mia nne na kumi na mbili kabla ya chakula cha mchana. Nimerudia mara mbili. Sielewi.

Jumanne, 9 Julai
Dokta Mohale, mkuu wa utafiti, nusura aruke kwa furaha. Eti mtoto ni bubu wa ugenini tu, kwao anaongea. Kawapigia wazazi simu hapohapo kuwapa habari njema. Nafasi yake ya mazoezi ya kuongea apewe mwingine. Ijumaa nipeleke fomu ya kuiachia nafasi, mama asaini. Nikasema, Dokta, yule hata maji anaomba kwa kidole. Akanijibu mashine haidanganyi. Haya! Labda mimi ndiye sijui kazi.

Jumatano, 10 Julai
Nimesikiliza tena. Saa nne asubuhi mtoto anasema, "Mama mdogo, nivue hiki, kinawasha." Mama mdogo? Anayemvalisha si mama yake? Kichwa kinaniuma.

Ijumaa, 12 Julai
Nimekwenda. Mama Tšeliso kajifunika blanketi, kanivuta hadi nyuma ya zizi. Sijauliza, kaanza mwenyewe: "Dada Limpho, usinichomee." Kizibao alimvalisha Thuso, mtoto wa dada yake. Alidhani ni mtihani! "Nani anampeleka mtihanini mtoto asiyejua, akaaibike?" Nilitaka kucheka, nikataka kumfokea, nikashindwa vyote viwili.

Nikamwambia Tšeliso anapoteza nafasi. Akalia. Mumewe alikuwa migodini, miaka miwili hajakanyaga hapa — ukoo wao eti hauna bubu. Aliposikia mtoto anaongea, jana kaja, na baiskeli mpya juu. "Ukisema, anaondoka. Usiposema..."

Tukaingia. Baba kapiga magoti, kofia hajavua. "Tšeliso, niite. Sema baba." Mtoto kanyoosha kidole kwenye baiskeli. "Siyo hiyo. Niite mimi." Mama kasimama na birika, hamimini. Baba akacheka, akanigeukia. "Ana haya na wageni, si ndivyo alivyosema dokta wenu? Dada, hebu tupishe kidogo, aongee."

Nikatoka! Mguu wenyewe ulitoka. Naandika nimeegemea ukuta, fomu haijasainiwa. Nimsaliti nani, mama au mtoto? Ndani namsikia: "Haya, mgeni kaondoka. Niite." Kimya. "Niite basi, mwanangu." Kimya. Mara hii ya tatu habembelezi tena — na mtoto ameanza kulia.

Naingia. Nitasema nini, sijui —