Jina Nisilolitaja Hewani

Jumatatu, 7 Oktoba

Jumbe arobaini na moja nimesoma redioni leo! Koo limenikauka. Harusi mbili, msiba mmoja, injini ya boti iliyopotea imeonekana Gizo — mwenyewe aifuate. Jamaa mmoja wa visiwa vya Torres, ng'ambo ya mpaka kule Vanuatu, anamkumbusha shangazi yake wa Vanikoro amrudishie wavu. Shangazi atajibu kesho, namjua, hashindwi neno. Nchi mbili, na ugomvi wao wote unapitia mdomoni mwangu.

Karibu na mwisho wa furushi ikaja barua ya hospitali. Madaktari wa macho watakuwa Lata kuanzia Alhamisi ya wiki ijayo. Siku tatu tu, halafu wanaondoka, na lini watarudi Mungu ndiye ajuaye. Meli itapita visiwa vya Reef Jumatano alfajiri kuwachukua wagonjwa. Majina kumi na mawili. La tisa ni la baba mkwe wangu.

Nikasoma manane, nikamsogezea Clement, msomaji mwenzangu, karatasi. Akasoma la tisa, akanirudishia, nikaendelea na la kumi. Miaka kumi na moja tunasoma hivi. Jina la baba wa mume halitoki kinywani mwa mke wa mwanawe, ndivyo tulivyolelewa — na hata humu daftarini siliandiki, ingawa hasomi mtu ila mimi.

Mume wangu Patteson kanipokea mlangoni akichekelea. Ndiye aliyehangaika na hospitali mpaka baba yake akaandikwa. "Mzee ataona tena, Mama Elsie!" Tukala tuna ya kopo na viazi vitamu, tukajiona tumeshinda.

Jumanne, 8 Oktoba

Hatujashinda.

Saa mbili asubuhi Nesi Judith wa zahanati ya kule kisiwani kwa mzee, Reef, aliita kwenye redio ya mawasiliano. (Simu kule haishiki tangu Februari.) Wagonjwa kumi na mmoja wamekubali. Mzee amegoma. Katakata!

Sababu? Mwaka jana aliitwa redioni aende msibani. Akapiga kasia nusu siku, macho yenyewe yale, akafika na kapu lake la shelisheli kavu za matanga — akamkuta marehemu amekaa kivulini anakuna nazi. Mhuni fulani alituletea ujumbe wa uongo, na Clement aliusoma bila kujua. Tangu siku hiyo mzee haamini sauti nyingine ila yangu. Judith anasema alimjibu hivi: mkwe wangu akiniita kwa jina nitakwenda, wengine wasijisumbue.

Clement alishika kifua. "Dada, yaani mimi ni mwongo visiwa vizima?"

"Si vizima. Reef tu."

"Afadhali. Kule sina mchumba."

Nilicheka kazini. Nyumbani sikucheka. Patteson alitema popoo yake nje ya dirisha. Kisha akasema baba anajua fika kwamba siwezi kulitaja. Ndiyo maana kataka hilo. Anaogopa kisu tu. Zamani alipelekwa kung'olewa jino, akamtoroka mganga na koleo lingali mdomoni, wakamkamatia kwenye mikoko. "Baba kapata pa kujifichia," akasema, "nyuma yako."

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua. Jumbe ishirini na mbili. Shangazi wa Vanikoro amejibu: wavu alipewa, hakuazima.

Sikutaka kuandika habari ya mwezi uliopita, lakini hainitoki. Maji yalipokupwa, mzee alikwenda kutazama mtego wake wa mawe, peke yake. Aliporudi akageukia baharini akidhani anakwenda nchi kavu. Walimkuta maji yamemfika kifuani, anazidi kwenda, anamwita mkewe amwonyeshe njia. Mama mkwe ana miaka miwili kaburini.

Mara hii kulikuwa na watu wa kumsikia. Naogopa. Basi, nimeandika.

Ijumaa, 11 Oktoba

Nimejaribu ujanja. Mwisho wa kipindi cha salamu nikasema: ujumbe huu ni wa baba yake Patteson, fundi wa mitumbwi, nyumba yake i karibu na kanisa, mjane, macho yana ukungu. Uende ufukweni Jumatano alfajiri, upande meli. Nikarudia mara mbili. Nikajisifu moyoni.

Bi Doreen, mkuu wa vipindi, alikuwa ananisubiri mlangoni amekunja mikono. Sheria ya kituo ni jina kamili na kijiji, mara mbili. "Hatutegi vitendawili hapa, Melda. Mtu akikosa meli kwa sababu yako?" Nikamwambia ni baba mkwe wangu. Akalegea kidogo. Kwao Choiseul nako wana miiko yao. Lakini hakusema niendelee.

Jumamosi, 12 Oktoba

Loo! Judith kaita asubuhi, hajiwezi kwa kicheko. Wazee wawili wamefika zahanati na mikeka yao na vikapu, tayari kwa safari. Wote mafundi mitumbwi, wote wajane, wote wana watoto waitwao Patteson! Ningejua vipi? Ningejua vizuri sana — kila nyumba kule imempa mtoto jina la yule askofu aliyeuawa kule zamani. Ukirusha jiwe unampiga Patteson. Mmoja wa wazee hana hata ugonjwa wa macho, anaumwa nyonga. Anasema maadamu meli inakuja na redio imemwita, harudi nyumbani.

Na mzee wetu? Alikaa kibarazani pake akisikiliza zogo lote. Judith alipomwendea, akasema hakusikia jina lake.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani sikusikia hata mahubiri. Baadaye nikampigia Mama aliye Lata. Nikamweleza.

Akasema nikilitaja, nisije kulala kwake. Akanikumbusha bibi, aliyelitaja jina la mkwe wake siku moja tu, kwa hofu, mti ulipokuwa unamwangukia yule mkwe. Alimwokoa! Na bado alikaa mwaka mzima kwa kaka yake, mpaka mikeka na nguruwe vikapelekwa na aibu ikaoshwa. "Na yeye alisikiwa na watu sita, Melda. Wewe utasikiwa na wangapi?"

Na wangapi? Kutoka Shortland hadi Tikopia, nchi nzima, na wale wa ng'ambo ya mpaka.

Nikamuuliza Patteson nifanye nini. Akasema hawezi kuniambia nilitaje, na hawezi kuniambia nisilitaje. Nilimkasirikia! Mdomo ni wangu, na baba ni wake. Akaenda nje kuosha boti iliyokuwa safi.

Mimi na mzee hatujawahi kuzungumza. Miaka kumi na tatu ya ndoa. Nikiwa kijijini napita nyuma ya nyumba yake nimeinama, na yeye akitaka nipewe samaki anamtuma Elsie: mwambie mama yako. Mara moja tu aliniambia neno, na hata hilo alimwambia mkewe, kwa sauti ya kunifikia jikoni: "Mwambie yule wa redio apunguze mbio, betri zangu ni za zamani." Nikacheka ndani ya moshi. Tangu hapo nasoma taratibu. Watu wa mjini hulalamika. Shauri yao.

Kwa hiyo kila jioni nazungumza naye. Kumbe ndivyo. Sikuwahi kuliona hivyo mpaka leo. Ana kwa ana hatuna neno, lakini saa kumi na mbili na nusu ananiweka begani ndani ya redio yake, anakwenda nami kulisha nguruwe.

Meli ya wagonjwa imeng'oa nanga hapa mjini saa kumi jioni. Niliiona kutoka kanisani, ibada ya jioni.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo tumejaribu nusu kwa nusu. Ujumbe wote kwa sauti yangu, Clement aingize jina tu. Tulifanya mazoezi mara nne. Tulikwenda vizuri, hata pumzi ya kupokezana haikusikika.

Jumanne, 15 Oktoba

Asubuhi. Judith: mzee anasema kipande kimoja kilikuwa cha mtu mwingine. Masikio anayo, hayo hayana ukungu! Niliuliza, je, anaogopa? Judith akashusha sauti. Anasema akitajiwa Lata anaondoka kwenda kwa nguruwe wake, lakini tangu jana amekuwa anauliza meli imefika wapi.

Sasa ni saa moja kasoro dakika kumi, jioni. Naandika studio. Zedekaia, fundi mitambo, ameweka kanda ya kwaya, kisha taarifa ya habari. Nataka kuandika kabla sijasahau ilivyokuwa.

Nilikuja nimekata shauri kwamba sitaji. Naapa. Nilikuwa nimeandika ujumbe mwingine wa kuzungukazunguka, mzuri zaidi, wenye idadi ya nguruwe wake. Nikasoma salamu za watu wote. Ikabaki karatasi moja. Nikaiangalia, na nikamwona mzee yule, maji kifuani. Nikajiuliza, akizama, mikeka yangu ya heshima nitamtandikia wapi?

Lakini kukaa kitini na kumtaja sikuweza. Sijawahi kukaa juu kuliko yeye hata siku moja. Nikashuka. Nikakaa sakafuni, miguu nimekunja, nikauvuta mkono wa maikrofoni mpaka chini. Zedekaia upande wa pili wa kioo akaona kiti kitupu — akasimama akapiga kioo, akadhani nimezimia. Clement akamtuliza kwa mkono.

Nikasema. Jina la kwanza na la pili, na kijiji. Kwa sheria ya kituo, mara mbili. Nilianza mara ya pili, sauti ikakatika. Likatoka mara moja tu. Nikamalizia: meli iko ufukweni alfajiri, tafadhali panda. Hiyo "tafadhali" haikuwa kwenye karatasi.

Clement hakunitania. Alinipa maji. Bi Doreen alisimama mlangoni akatazama nilivyokaa, akaondoka bila neno juu ya mara mbili.

Simu ya mezani ikaanza kulia papo hapo. Ya kwanza ni ya mwanamke wa Auki nisiyemjua. Akasema sina adabu, akakata. Ya pili ni Patteson. Analia. Sijui analia kwa lipi. Nilimwambia nitarudi nyumbani tutazungumza. Mama hajapiga.

Saa moja na dakika tano. Judith ameita! Nimeuvuta waya wa redio ya mawasiliano hadi kwenye korido.

Kijiji kizima kilikuwa uani mwa zahanati, redio juu ya meza ya dawa. Jina lilipotoka, wanawake walijifunika midomo. Mmoja alikimbia. Mzee hakutikisika. Alikuwa amekaa, uso kwenye redio. Kwaya ilipoanza ndipo akainua mkono watu wanyamaze, na tayari walikuwa wamenyamaza.

Akasema: "Imekwaruza. Sikusikia vizuri. Mwambieni arudie."

Judith anaapa haikukwaruza. Anasema jioni ya leo sauti ilikuwa safi kuliko wiki nzima, hata pumzi zangu walizisikia. Mzee anajitia hamnazo!

Clement anasema ndio mlango wa kutokea, anakimbia tena na koleo mdomoni. Patteson, nilipompigia tena, akasema: kama baba hakusikia, basi hakuna kilichotajwa. Hakuna aibu, hakuna nguruwe. Ananisafisha mbele ya watu, akasema. Huenda. Lakini mtu akusafishe halafu akutume ujichafue tena?

Nikamuuliza Judith swali moja. Kule kijijini, nani huwa anamwita kwa jina? Akafikiri. Watoto humwita babu, wakubwa humwita baba, wakwe hawamwiti. Aliyekuwa akimwita kwa jina ni mkewe, akasema, kutoka ufukweni, kila jioni.

Mkeka wake? Umekunjwa, uko kando yake. Hajausogelea wala hajausukuma.

Habari zimefika michezo. Salamu za mzunguko wa pili ni saa moja na nusu. Clement amesimama mlangoni, ananiuliza kwa macho kama nataka aisome yeye. Nimetikisa kichwa. Simu inalia tena, na namba ni ya Lata, ya Mama. Zedekaia ameonyesha vidole vitano, sasa vitatu. Naiacha ilie. Nashuka tena sakafuni.